Kufuli la Kigamboni linaoza, la Makete linaganda: binamu wa Kanada yuko sahihi?

Swali la dada mmoja nimelifupisha hivi. Anaishi Kigamboni, upande wa Mjimwema, nyumba haiko mbali na bahari, kufuli la geti halimalizi mwaka na la sasa hivi limegoma kabisa, limefungwa na halifunguki. Binamu yake yuko Kanada kamtumia voisi kwamba atie unga wa grafaiti, mafuta asitie kabisa, na likigoma aupashe ufunguo moto. Tena ana stoo ya viazi Makete, kijana anayemwangalizia anasema Juni na Julai asubuhi kufuli linaganda, analimwagia maji ya moto. Na la banda la kuku, la shaba, limepasuka ufa na hakuna aliyeligonga. Anauliza anunue kufuli gani na atie mafuta gani.

Dada yangu, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi za Kigamboni. Umeuliza mambo manne kwa pamoja ila usiogope, karibu yote yanatoka sehemu moja: kuna maji yameingia ndani ya kufuli na hayatoki. Makete maji hayo yanakuwa barafu, Kigamboni yanakuwa maji ya chumvi. Binamu yako hajakudanganya hata kidogo, ila amekujibu swali la kwao.

Ngoja nikueleze ndani ya kufuli kukoje, maana watu wengi wanatia mafuta bila kujua wanamtilia nani. Ukichomeka ufunguo unaingia kwenye silinda, humo kuna vipini vidogo vitano au sita hivi, kila kimoja kina springi yake nyembamba kabisa, meno ya ufunguo yanavipandisha vipini mpaka vikae mstari mmoja ndio silinda inazunguka. Juu kuna ule mkono uliopinda, mimi nauita upinde, nao unashikwa na ulimi au vigololi humo ndani. Nafasi kati ya pini na tundu lake ni ndogo mno, uchafu kidogo tu, tone la maji lililoganda, au kutu nyembamba kwenye springi, pini moja ikigoma kushuka basi kufuli zima limegoma. Kwa hiyo mtu anapokuja kwangu anasema "fundi kufuli limekufa", mara nyingi kilichokufa ni kijispringi kimoja.

Sasa kwao Kanada. Baridi ikifika nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri hewa inakuwa kavu, unyevu ni mdogo sana, shida yao ni maji ya theluji iliyoyeyuka au mvuke ulioingia mchana halafu usiku ukaganda. Maji yakiganda yanatanuka, kama asilimia 9, na kwenye kijinafasi kile hiyo inatosha kuzishika pini zote. Grisi nayo kwenye baridi kali inakuwa nzito, pini zinashuka polepole au hazishuki. Ndio maana wao wanapenda unga mkavu wa grafaiti, hauna cha kuganda. Ushauri mzuri kabisa kwa Edmonton, huko huko Kanada.

Kigamboni mambo ni mengine. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, upepo wa Kusi ukianza kupiga miezi ile ya Aprili mpaka Septemba mawimbi yanapasuka na matone madogo sana yanabebwa mpaka getini kwako, maji yanakauka, chumvi inabaki kwenye chuma. Na chumvi hiyo haikai kimya. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 75 hivi kwenda juu, chumvi inavuta maji kutoka hewani yenyewe mpaka inalowana, si unaona kopo la chumvi jikoni msimu wa mvua linavyogandamana mpaka unagonga na kijiko? Ndicho kinachotokea ndani ya kufuli lako. Na Dar usiku na alfajiri unyevu unapita hapo siku nyingi za mwaka. Maana yake kufuli lako lina maji hata kama mvua haijanyesha miezi miwili, kila usiku linalowa, kila mchana linakauka nusu, na maji yenyewe ni ya chumvi, chuma hakiwezi kupona hapo. Watu wa Kigamboni na Mbezi Beach wananiambia "fundi hata mvua hakuna jamani", ndio, hakuna, ila chumvi ipo.

Halafu ukitia grafaiti kwenye hali hiyo unakuwa umeongeza tatizo. Kwanza unga ukilowa unakuwa tope jeusi, unaziba pini. Pili, na hili watu hawalijui, grafaiti inapitisha umeme, ukiiweka pamoja na chuma ndani ya maji ya chumvi inatengenezeka betri ndogo, na anayeliwa kwenye betri hiyo ni chuma. Grafaiti peleka Dodoma kwenye ukavu, au tia kwenye kufuli la mlango wa ndani chumbani, geti la Mjimwema hapana.

Betri ya namna hiyo hiyo ipo kwenye kufuli lenyewe hata kabla hujatia kitu. Kufuli nyingi bodi yake ni shaba ya njano halafu upinde ni chuma, metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi chuma ndicho kinaliwa haraka. Angalia lako, nakuhakikishia kutu imeanzia pale upinde unapoingia kwenye bodi, bodi yenyewe ina ukijani kidogo tu.

Tuanze na hilo lililogoma, maana najua unapita mlango mdogo kwa sasa. Usilazimishe ufunguo. Ukikatikia ndani kazi inakuwa mbili. Chukua WD-40, ile yenye kamrija kekundu, pulizia kwenye tundu la ufunguo na kwenye matundu yote mawili ya upinde, iache mpaka kesho yake, pulizia tena. Halafu chomeka ufunguo na uutoe, uingize na uutoe, bila kuuzungusha, mara nyingi tu, unazifundisha zile pini kupanda na kushuka tena. Ukiona unaingia laini sasa ndio zungusha kidogo huku mtu anagonga bodi taratibu na mpini wa nyundo, mpini wa mti siyo chuma, na huku unauvuta upinde kidogo kidogo. Kufuli nyingi zinafunguka hapo. Ikishindikana kabisa muite fundi wa kuchomelea alikate na grainda, avae miwani, na usimwache mwenyewe getini (nisamehe mafundi wenzangu, ila dada yupo peke yake).

Likifunguka usifurahi ukalifunga tena hapo hapo. Chumvi bado iko ndani na mafuta hayaiondoi, ukitia mafuta juu ya chumvi umeifunika tu. Chumvi inaondoka na maji. Najua unashangaa, fundi anakwambia utie maji kwenye kufuli, lakini ndio hivyo, liloweke kwenye maji safi yasiyo na chumvi, ulitikise, ubadilishe maji, tena na tena. Na hapa angalia sana, visima vingi huko kwenu maji yake yana chumvi, ukionja tu unajua, sasa usije ukasafisha chumvi kwa chumvi, tumia maji ya kunywa, lita moja inatosha. Baada ya hapo likung'ute, pulizia WD-40 ya kutosha isukume maji nje, kisha nenda kwa fundi pancha yeyote barabarani mwombe akupulizie upepo wa kompresa kwenye tundu la ufunguo, utaona takataka zinazotoka humo utashangaa. Mwambie autoe kwanza upepo kidogo pembeni maana kompresa nazo zina maji ndani ya tangi. Halafu lianike juani siku nzima tundu likiangalia chini.

Hii WD-40 niisemee kidogo kwa sababu kila nyumba inayo na kila mtu anaitumia vibaya. Jina lake lenyewe linamaanisha kufukuza maji, fomula ya arobaini, ilitengenezwa San Diego kule Marekani mwaka 1953, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas. Kwa hiyo kufukuza maji na kulegeza kutu inaweza sana. Ila sehemu kubwa yake inapaa hewani, inabaki filamu nyembamba ambayo haikai muda mrefu getini, na hiyo filamu inashika vumbi. Itumie kama sabuni, usiitumie kama mafuta ya kudumu.

Cha kudumu ni sprei ya tefloni au ya silikoni. Inapuliziwa ikiwa maji maji, kile kimiminika kinapaa, inabaki tabaka kavu au karibu kavu ambalo maji hayashiki wala mchanga haunati. Maduka ya hadiwea makubwa yanazo, na Gerezani ukizunguka hukosi, wakikwambia hakuna nenda kwa wauza vifaa vya baiskeli na pikipiki maana sprei ya tefloni ya mnyororo nayo inafanya kazi, ilimradi iwe ile kavu, siyo ile ya kunata. Ukikosa vyote kabisa tia mafuta ya cherehani, matone machache, ni mepesi na hayagandi kama gundi, ila utarudia mara kwa mara.

Usitie mafuta ya kupikia. Ya alizeti hasa, yakikaa hewani yanageuka gundi, ndio ile nta ya njano unayoiona nyuma ya jiko. Oili chafu ya gari usitie, ina masizi na vipande vya chuma humo. Grisi kwenye silinda hapana, inakamata mchanga wote wa Kigamboni. Kwenye upinde kwa nje hapo sawa, paka grisi kidogo pale unapoingia kwenye bodi, inafukuza maji, utachafuka mkono ila kufuli litakaa. Mafuta ya nazi nitayasema kwenye Makete.

Kununua jipya. Ukienda Kariakoo chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu, weka mfukoni. Kufuli likiandikwa shaba na lina rangi ya shaba, gusisha sumaku kwenye bodi, ikinasa hiyo si shaba, ni chuma kimepakwa rangi ya dhahabu, rangi ikichubuka tu kwisha. Shaba ya kweli sumaku haiishiki. Muuzaji atanuna kidogo, mwache anune. Ila sumaku ikinasa kwenye upinde usiogope, upinde mwingi ni chuma kilichokomazwa ili msumeno usikikate, hiyo ni kawaida, wewe angalia umepakwa nini juu na kama una mipira ya kuzuia maji pale unapoingia.

Zile kufuli za mabati mabati yaliyopangwa pamoja kama chapati, siyo mbaya kwa ulinzi, mtindo huo aliubuni Harry Soref wa Milwaukee aliyeanzisha kampuni ya Master Lock mwaka 1921, na zimeuzwa dunia nzima. Lakini kwa pwani kila bati lina mwanya na jirani yake, maji yanaingia pembeni na hayana pa kutokea. Kama unazipenda nunua ile iliyovalishwa koti la plastiki. Mimi ningekuwa wewe ningechukua bodi ya shaba nzito na upinde wa stenlesi, au lote stenlesi kama hela ipo. Na stenlesi zenyewe si moja, kuna inayoitwa 304 na kuna 316, hiyo ya pili imewekewa madini ya molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ambayo yanaisaidia kustahimili chumvi, ndio wanayotumia kwenye maboti. 304 ukiiweka jirani na bahari itaanza kuwa na madoa ya rangi ya chai, haiozi haraka ila inaudhi. Imeandikwa kwenye boksi, kama haijaandikwa chukulia ni 304 au chini yake. Na ujue kabisa stenlesi nyingi si ngumu kama chuma kilichokomazwa, mwenye mkasi mkubwa ataikata kirahisi zaidi, kwa hiyo kama geti lako liko sehemu ya vibaka, kinga kufuli lisifikiwe na mkasi.

Na kinga hiyo hiyo ndiyo itakayozuia chumvi. Mwambie mchomeleaji akutengenezee kiboksi cha bati nene juu ya kitasa cha geti, kimefunikwa juu na pembeni tatu, chini wazi, mkono uingie kutokea chini. Mwizi haoni, mvua haiingii, upepo wa Kusi haupigi moja kwa moja. Kama kiboksi ni gharama kata kipande cha mpira wa tyubu ya gari kiwe kama pazia la kulifunika kufuli, kifungwe juu, chini kining'inie. Chini lazima pawe wazi. Nawaona watu wanalifunga kufuli na nailoni wanaikaza na raba bendi, humo ndani linatoka jasho usiku kucha, linaoza kuliko lililoachwa wazi. (Na hiyo mifuko ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, sijui mnaitoa wapi bado.) Lining'inize tundu la ufunguo likiangalia chini, na ukilitazama kwa chini utaona kitundu kidogo pembeni ya tundu la ufunguo, hicho ni cha kutolea maji, fundi rangi akija kupaka geti mwambie asikizibe, ikibidi livue kabisa.

Baada ya hapo kazi yako ni ndogo. Kila mwezi wakati wa Kusi, suuza na maji ya kunywa, kausha, tefloni. Miezi mingine ukijisikia.

Sasa Makete. Kule juu, na Kitulo kwenye mita 2,600 hivi, sakitu, yaani umande unaoganda, ya Juni na Julai ni ya kweli, viazi vyenyewe vinaungua majani. Na kijana anaweza akakwambia kipimo kimeonyesha nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri na kufuli limeganda vilevile, usimwite mwongo. Usiku wenye nyota, bila mawingu, chuma kilicho wazi kinapoteza joto kuelekea angani na kinakuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka, kinafika sifuri wakati hewa haijafika. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kufuli lisitazame anga. Lihamishie mlango ulio chini ya upenu wa paa, au pazia lile lile la tyubu, hapo tu nusu ya asubuhi zako zinapona.

Maji ya moto aache. Yanafungua, ndio, lakini yanabaki ndani na usiku unaofuata ndiyo yanayoganda, kwa hiyo kila asubuhi anatibu ugonjwa alioutia jana. Hapa ushauri wa binamu ndio unafaa: apashe ufunguo moto na kiberiti cha gesi, aushike na plaizi, upate joto tu usiwe mwekundu, auchomeke, asubiri kidogo, arudie mpaka uzunguke. Funguo zenye plastiki kichwani au za gari zenye chipu asithubutu. Asipulize kwa mdomo, pumzi ina mvuke, na ulimi kwenye chuma baridi ni balaa lingine. Njia nyingine ni spiriti ya duka la dawa, matone kadhaa kwa sirinji kwenye tundu, haigandi kwa baridi ya Makete na inayeyusha barafu, likifunguka likaushwe juani siku hiyo hiyo. Sanitaiza ya jeli nayo inayeyusha ila inaacha utelezi unaonata, iwe ya dharura.

Kinga yake ifanyike Mei kabla baridi haijaanza: livuliwe, lisafishwe na spiriti, likauke kabisa, lipuliziwe tefloni. Grafaiti ya binamu nayo kule inaweza kutumika kama kufuli liko chini ya paa na ni kavu, ila achague moja, grafaiti na mafuta kwa pamoja ni tope. Na mafuta ya nazi uliyompelekea kijana, najua ulimpelekea kwa sababu watu wa pwani wote mnafanya hivyo, yanaganda yenyewe kwenye nyuzi 24 hivi. Hata hapa Dar Julai asubuhi unayakuta meupe kwenye chupa. Makete kwa miezi ile ni nta muda wote, huenda nusu ya kugoma kwa kufuli ni nazi na siyo barafu. Alifungue alisafishe kwa mafuta ya taa kwanza, akaushe, ndio aendelee na spiriti na tefloni.

La kuku. Hilo halijagongwa na hakuna mchawi. Mbolea ya kuku inatoa amonia, ile harufu inayokuwasha macho ukifungua banda asubuhi, na amonia pamoja na unyevu inaipasua shaba ya njano pale ambapo imebanwa au imekazwa, ufa unajitokeza wenyewe. Jambo la zamani hili, wanajeshi wa Kiingereza kule India maganda yao ya risasi ya shaba yalikuwa yanapasuka msimu wa mvua yakihifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, sababu ni hiyo hiyo. Hakuna mafuta yatakayozuia. Bandani weka kufuli la stenlesi au la chuma lililovikwa plastiki, na hata lile jipya la shaba utakalonunua kwa ajili ya geti usilihamishie huko siku la banda likipotea.